MKUTANO WA WOTE NA MKUTANO WA WAJUMBE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Sumbawanga, na kuchapwa hapa kwa ombi la Kamati)



 Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze juu ya demokrasia. Nikamjibu ya kwamba neno hilo ni pana kama uwanda wa Ufipa wenyewe, na mtu akianza kuuvuka pasipo kujua aendako, usiku utamkuta njiani. Basi tukapatana nichukue jambo moja tu lililo ndani yake, nalo ni hili: je, yafaa watu waamue mambo yao kwa vinywa vyao wenyewe, wote wakiwa wamekutanika mahali pamoja, au yafaa wachague wachache miongoni mwao na kuwapa kazi ya kuamua kwa niaba yao?

Sikulichukua jambo hili kwa kupenda elimu tu. Ninyi nyote mwaijua hoja iliyo mbele ya Chama chetu, ya kwamba kuanzia mwaka ujao Mkutano Mkuu wa wanachama wote uondolewe, na mahali pake pawekwe mkutano wa wajumbe, wawili kutoka kila tawi. Walioleta hoja hiyo si watu wabaya, na sababu zao si za uongo. Mwenzetu wa Kirando apanda kutoka ziwani. Mwenzetu wa Muze apanda kutoka bonde la Rukwa kwa njia ambayo wakati wa masika humfanya dereva asali kabla ya kuwasha gari. Wa Namanyere, wa Matai na wa Laela hulipa nauli na kulala nyumba za wageni. Mwaka uliopita waliofika walikuwa wachache hata viti vilivyokodiwa vikabaki vitupu, na kodi yake tukalipa. Hayo yote ni kweli. Walakini naona kuna jambo ambalo halijasemwa, na ndilo litakalonichukua muda wenu.

Kwanza nisema kidogo juu ya watu wa mbali, kwa kuwa jambo hili halikuanzia kwetu. Katika mji wa Athens, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, raia walikutana kilimani wakapiga kura juu ya vita, kodi na sheria. Kwa mambo mengine mazito ilitakiwa wawepo watu 6,000. Hata hivyo kazi ya kutengeneza shauri litakalopelekwa kwa watu ilikuwa ya baraza la watu 500, waliopatikana kwa kupigiwa kura ya bahati, si kwa kuchaguliwa. Basi hata wale wanaosifiwa kuwa walitawala kwa vinywa vyao walihitaji wachache wa kuandaa meza. Na tusisahau ya kuwa wanawake, watumwa na wageni waliokaa mjini hawakuwamo katika hesabu ya raia. Walioitwa "wote" hawakuwa wote.

Katika nchi ya Uswisi desturi hii ingaliko hata leo katika majimbo mawili madogo, Glarus na Appenzell Innerrhoden, ambako watu hukutana uwanjani mara moja kwa mwaka na kuinua mikono. Nitawapa mifano miwili, mmoja wa kupendeza na mmoja wa kuhuzunisha. Mwaka 2006 viongozi wa Glarus walileta shauri la kupunguza serikali zao za vijiji kutoka 25 ziwe 10. Raia mmoja akasimama akasema, kwa nini 10? Na ziwe 3. Watu wakajadiliana palepale, wakainua mikono, zikawa 3. Hapana mjumbe wala waziri aliyelitazamia jambo hilo. Lakini huko Appenzell Innerrhoden, wanaume waliokutana uwanjani mwezi wa Aprili 1990 walikataa tena kuwapa wanawake haki ya kupiga kura, ikawa ni mahakama kuu ya nchi, majaji wachache wasiochaguliwa na uwanja ule, iliyowaamuru mwezi wa Novemba mwaka uleule kuwaingiza. Hapo mtaona ya kwamba uwanja uliojaa watu waweza kuwa na akili kuliko viongozi, na waweza pia kuwa na moyo mgumu kuliko viongozi.

Tena kuna hesabu, ambayo sisi makarani hatuwezi kuikwepa. Chukueni kijiji chenye watu wazima 1,200. Kila mmoja akipewa dakika tano tu za kusema, ni dakika 6,000, yaani saa 100. Mkutano ukiwa wa saa nne kwa siku, mtakaa siku 25, na mahindi yataota magugu. Mkoa wetu wa Rukwa ulihesabiwa mwaka 2022 kuwa na watu zaidi ya milioni moja na nusu. Hapana uwanja wa kuwaweka. Kwa hiyo mtu akisema atakomesha uwakilishi kabisa, hajapiga hesabu. Yamkini swali lenyewe si lipi kati ya mawili. Swali ni mambo gani yapelekwe kwa wajumbe, na yapi yasitoke mikononi mwa watu.

Sasa nirudi nyumbani. Wafipa tuna hadithi ya zamani ambayo kila mtoto wa uwanda huu ameisikia kwa bibi yake, ingawa wasimulizi hutofautiana. Mtawala wa kwanza alikuwa Ntatakwa, naye alikaa Milansi, chini ya mlima Itwelele. Siku moja mtawala wa Milansi alikuwa ameondoka kwenda kuwinda, wakaja wageni, wanawake watatu, ndio Watwachi. Aliyebaki nyumbani akawakaribisha, akawapa kiti. Lakini kiti alichowapa kilikuwa kiti cha enzi. Mwenyewe aliporudi na mawindo yake alikuta ufalme umekwisha kukaliwa, naye akaachiwa Milansi yake na heshima ya utangulizi, na nchi iliyobaki ikawa ya wageni, na kutoka kwao zikatoka tawala mbili za Nkansi na Lyangalile. Wazee huisimulia kueleza asili ya watawala. Mimi kila niisikiapo humfikiri yule aliyebaki nyumbani. Hakuwa adui wala mwizi. Alikuwa mwakilishi, akatoa kitu ambacho hakikuwa chake kukitoa, mwenyewe akiwa porini.

Chini ya hizo tawala mbili, vijiji vilikuwa na desturi yao. Roy Willis, mtaalamu Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, ameandika ya kwamba mkuu wa kijiji alichaguliwa na wanakijiji wenyewe. Juu alikuwako mtawala wa kuzaliwa, na chini alikuwako mkuu aliyejua ya kuwa majirani zake ndio waliomweka. Kisha Waingereza wakaleta sheria ya mwaka 1926 ya utawala wa wenyeji, ambayo kwayo mtawala alipata kutambuliwa na Serikali. Na mtu hulitazama dirisha litokalo mwanga. Mtawala aliyepata mamlaka yake kwa Bwana Shauri alianza kumtazama Bwana Shauri, na baraza la wazee likawa mahali pa kutangaziwa amri.

Watumishi wa Serikali walikuwa na shida kama hiyo, nao walitafuta dawa. Mwaka 1922 makarani na walimu wa Tanga, wakiongozwa na Martin Kayamba, waliunda chama cha watumishi Waafrika wa Tanganyika, na chama chetu hiki ni katika kizazi cha kazi ile. Mwaka 1929 kikazaliwa Chama cha Waafrika huko Dar es Salaam, na mwaka 1954 TANU. Sheria ilipokuja ya kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 na 1959, ilitakiwa mpiga kura awe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya kadiri fulani, au cheo kinachotambuliwa. Tena kila mmoja ampigie kura Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Karani wa boma aliweza kupiga kura, na mkulima aliyemlisha karani hakuweza. TANU walikutana Tabora mwezi wa Januari 1958 na kukubali kushiriki hata hivyo, wakashinda. Nalitaja hili kwa sababu sisi watu wa kalamu tulihesabiwa kuwa watu kabla ya wazazi wetu, na nadhani kidogo ya kiburi kile kimebaki.

Baada ya Uhuru mamlaka ya watawala wa jadi yaliondolewa mwaka 1963. Kisha vikaja vijiji vya maendeleo, na watu wengi wakahamishwa, wengine kwa hiari na wengine si kwa hiari. Na Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ikaweka jambo ambalo naona ni kubwa kuliko tunavyolitukuza, yaani Mkutano Mkuu wa Kijiji wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ikalithibitisha: Mkutano Mkuu ndio wenye mamlaka ya juu katika siasa ya mambo ya kijiji, nao ndio uchaguao Halmashauri ya Kijiji na kuiondoa. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza: Halmashauri husimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini, wala haiwezi kumgawia mtu ardhi pasipo idhini ya Mkutano Mkuu iliyotangulia. Basi mwaona, mabwana, nchi yetu haikuchagua moja kati ya mawili. Bungeni na katika wilaya tuna wawakilishi. Kijijini, kwa neno la sheria, tuna utawala wa watu wenyewe. Mbunge hamwezi kumwondoa kabla ya miaka mitano kwisha, lakini Mwenyekiti wa Kijiji mwaweza kumwondoa Jumamosi.

Kwa neno la sheria, nimesema. Sasa nitawaambia niliyoyafanya mimi.

Nilipokuwa kijana niliajiriwa kuwa Mtendaji wa Kijiji, katika kijiji kimoja cha uwanda huu ambacho sitakitaja. Mtendaji ndiye katibu wa Halmashauri na wa Mkutano Mkuu. Kitabu cha mihutasari huwa mkononi mwake na mhuri huwa sandukuni mwake. Akaja bwana mmoja mfanyabiashara, si mtu wa pale, akaomba eka 120 za kulima alizeti. Aliahidi bati na saruji za madarasa mawili, na ahadi yake aliitimiza upesi; bati zilifika kabla ya barua ya maombi. Halmashauri ikakaa, wajumbe 17, wakakubali wote. Wala sisemi walihongwa. Watoto walikuwa wakisoma chini ya mti, na mvua ilikuwa imeanza.

Nikamkumbusha Mwenyekiti ya kuwa sheria yataka Mkutano Mkuu. Akasema, uitishe Alhamisi. Ilikuwa mwezi wa Desemba, watu wamo mashambani kupanda, na siku ile ikanyesha. Nilihesabu kwa kidole: walikuja watu 61. Mwenyekiti akaniambia ya kuwa 61 hawataonekana vizuri mbele ya Wilaya, basi orodha ipelekwe kwa mabalozi izungushwe nyumba kwa nyumba ili watu watie saini. Ikazungushwa siku tatu. Baadaye nilijua ya kuwa nyumba nyingi waliambiwa ni orodha ya wanaotaka shule iezekwe, na nani asiyetaka? Orodha iliporudi ilikuwa na majina 412. Nikaketi mezani pangu, nikachukua kalamu nzuri, nikaandika: Mkutano Mkuu uliohudhuriwa na watu 412 umejadili na kukubali kwa kauli moja. Nikatia saini, nikapiga mhuri. Mwandiko wangu ulikuwa safi sana siku ile. Nimeuona tena baadaye.

Kiangazi kilipofika trekta likaja, na mipaka ikapigwa. Ndani ya zile eka 120 kulikuwa na bonde lenye unyevu, ambako ng'ombe hunywa mwezi wa Agosti na Septemba, na ambako wanawake walikuwa na bustani zao za mboga. Katika Halmashauri ile ya watu 17 hapana hata mmoja aliyelitaja bonde. Wanawake walikuwemo watatu, wakakaa kimya, maana shauri lilikwisha kuivishwa kabla hawajaketi. Nasadiki ya kwamba mkutano wa wote, wangalikuwapo kweli, ungalilitaja katika dakika ya kwanza. Huo ndio ubora wa mkutano wa wote ambao vitabu havisemi vya kutosha: mjinga wa sheria anajua mahali ng'ombe wake anaponywa.

Watu wakadai mkutano. Ukaitishwa kwenye uwanja wa shule, chini ya zile bati mpya, nao ulijaa hata watoto wakapanda juu ya ukuta. Mwenyekiti akasema jambo hili lilikwisha kukubaliwa na ninyi wenyewe, na kitabu kipo. Akasimama mama mmoja mjane, ambaye tangu nifike pale sikupata kumsikia akisema mkutanoni. Akasema, "Mwanangu Mtendaji, tusomee." Nikasoma. Akauliza, "Jina langu limo?" Nikatafuta katika orodha, nikamjibu, "Limo, mama." Akasema, "Limo kwa dole au kwa saini?" Nikasema kwa saini. Akanyosha mkono wake watu wauone, akasema, "Mimi sijui kuandika. Tangu nizaliwe naweka dole."

Bwana Mwenyekiti, sijawahi kusikia uwanja wa watu wengi ukinyamaza namna ile.

Siku ileile Mkutano ulimwondoa Mwenyekiti na wajumbe kadhaa, ukakataa kutoa ardhi. Yule mfanyabiashara alidai gharama zake, na hakuwa na makosa kudai, maana alipewa karatasi yenye mhuri. Kijiji kililipa kwa mahindi, debe mbili kila kaya, kwa mavuno mawili. Mimi niliandikiwa barua ya onyo na kuhamishwa, na adhabu ile ilikuwa nyepesi kuliko nilivyostahili. Yule mama naye alitoa debe zake mbili kama wengine, kulipia saini ambayo hakuitia.

Najua wengine wenu mwasema moyoni: basi huyu ataka mkutano wa wote kwa kila jambo. Subirini. Nilihamishiwa kijiji kingine, na huko nikaona upande wa pili wa shilingi ileile. Mwaka ule mbuzi waliibwa, kisha watoto wawili wakafa kwa homa katika juma moja, na katika Mkutano Mkuu, ambao ajenda yake ilikuwa josho la ng'ombe, mtu mmoja akalitaja jina la mzee fulani aliyekaa peke yake pembeni mwa kijiji. Wanenaji wakafuatana. Hatimaye wakataka kura ya mikono, afukuzwe kijijini kwa uchawi. Mnajua jina la mji wetu huu lina maana gani, tupa uchawi, na mnajua jinsi nchi nzima inavyotucheka kwa hilo; kwa hiyo sitalikuza. Nasema tu ya kwamba kura ile ingalipigwa, mzee yule asingalipata hata mikono kumi.

Mwenyekiti wa kijiji kile hakuwa msomi. Akakataa kuipigisha. Akasema mkutano huu una mamlaka juu ya josho, na juu ya ardhi, na juu yangu mimi. Hauna mamlaka ya kumtoa mtu nyumbani kwake pasipo mahakama. Wakamtukana. Akafunga mkutano, akamsindikiza mzee hadi mlangoni, tena akaweka watu wa kulinda usiku. Uchaguzi uliofuata hawakumrudisha. Yule mzee alikufa miaka michache baadaye, kitandani mwake, kwa uzee.

Hili si jambo la kijiji kimoja. Mwaka 2009, baada ya mauaji ya kutisha ya watu wenye ualbino, Serikali iliendesha kura za siri ambazo raia waliandika majina ya wale waliowashuku. Nia ilikuwa njema, na uovu uliotafutiwa dawa ulikuwa uovu kweli. Lakini fikirini ni majina gani huandikwa na watu wenye hofu: jirani mwenye mali, mkwe mliyegombana, mwanamke mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Kura yafaa kwa kuchagua na kwa kukubali shauri. Kwa kujua nani ametenda kosa, yatakiwa ushahidi.

Sasa nije kwa jambo ambalo wajumbe wetu watalikuta wakichaguliwa. Je, mjumbe apeleke maneno ya waliomtuma kama tarishi apelekavyo barua, au atumie akili yake? Uingereza, mwaka 1774, Edmund Burke aliwaambia watu wa Bristol waliomchagua ya kwamba atawapa kazi yake na maarifa yake, lakini hatakuwa mtumwa wa maagizo yao. Walimsikiliza kwa adabu, na mwaka 1780 akakosa kiti cha Bristol. Kwetu tunao mfano ulio mkubwa zaidi. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi kuuliza kama tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi. Zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni walisema tubaki na chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kwa kipimo cha mkutano wa wote, wachache waliwashinda wengi. Hata hivyo sioni wengi leo wanaoomba turudi nyuma, na mimi si mmoja wao. Maana katika shauri lile sehemu iliyokuwa ndogo ilikuwa haina mahali pa kusemea, na mahali hapo hapatolewi kwa kuinua mikono ya walio wengi. Walakini nimekuwa nikijiuliza: ikiwa walikusudia kuamua wenyewe, kwa nini waliuliza? Mjumbe anayeuliza kisha akatenda kinyume ana deni la kueleza, na deni hilo aghalabu halilipwi.

Na wakati mwingine watu huahidiwa kuulizwa wasiulizwe. Zanzibar waliulizwa tarehe 31 Julai 2010 kama wataka Serikali ya umoja wa kitaifa, wakakubali kwa kura kama mbili katika kila tatu. Wakenya waliulizwa mara mbili juu ya Katiba, wakakataa mwaka 2005 na wakakubali mwaka 2010. Sisi Tanzania Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalum mwaka 2014, ikatangazwa ya kuwa kura ya maoni itapigwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa. Nadhani baadhi yenu mngali na nakala zenu kabatini. Mimi ninayo.

Basi nimefika kwenye hoja yetu. Nitaipigia kura ya ndiyo, kwa masharti, na masharti yenyewe ni haya. Wajumbe na wawepo, kwa kuwa njia ya Muze ni njia ya Muze, na hotuba haitaitengeneza. Mambo ya kila siku, mathalani barua kwa waajiri, michango ya misiba, ratiba ya masomo, wajumbe waamue kwa akili zao, tusiwafunge. Lakini kuna mambo matatu ambayo Chama kisiyaweke mikononi mwa mjumbe yeyote, hata awe mwema namna gani: kupandisha ada, kuuza au kuweka rehani kiwanja chetu, na kuondoa viongozi. Mambo hayo matatu yapigiwe kura na kila mwanachama katika tawi lake, siku moja, kura zihesabiwe mbele ya watu, na hesabu ya kila tawi isomwe hadharani kabla ya kujumlishwa. Hapana haja ya mtu kupanda basi. Na jambo lolote katika hayo lipelekwe matawini siku 30 kabla, ili mwenye bonde apate kulitaja bonde lake.

Tena naomba iandikwe ya kwamba mjumbe akirudi tawini mwake asome muhtasari wote, si sehemu aliyosema yeye. Baadhi ya wenzetu wamenong'ona ya kuwa kusoma muhtasari wote kunachosha. Kunachosha kweli. Mimi nimeusoma mmoja mbele ya uwanja mzima, nao ulikuwa wa ukurasa mmoja na nusu, na sijachoka hivyo tena maishani.

Mwisho ni neno kwa makatibu wa matawi, ambao watakuwa wengi wao vijana. Hoja itakapopita au itakaposhindwa, ninyi ndio mtakaoandika idadi ya waliohudhuria. Andikeni idadi mliyoihesabu. Ikiwa ni 61, andikeni 61. Mkubwa wa kazi akikasirika, mwonyesheni mvua.

Kitabu cha mihutasari ya Chama tangu mwaka kilipoanza nimekiazima kwa ruhusa ya Katibu, nacho kipo mezani pale mlangoni pamoja na nakala za hoja. Kura itapigwa Jumamosi ijayo saa nne asubuhi. Atakaye kusoma asome. Nimeweka karatasi katika ukurasa ambao tulikubali kununua kiwanja, mtaona tulikuwa wangapi.